Upande wa Kivuli

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza kelele, na yule mwenye nyumba ya wageni ameona haya na kutengeneza pasi isiyokupiga shoti kila ukigusa kifungo. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe umepakwa rangi ya bluu, kwa hiyo nikiamka asubuhi najidanganya kwamba ni anga.

Uliniuliza nimepata kazi gani. Ni ofisi ya huduma kwa wateja. Tupo ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari, na mapazia hufungwa mchana kutwa ili mwanga usitusumbue kwenye vioo vya simu. Kila mtu ana meza yake na simu kadhaa za ofisi. Kazi ni kuandika ujumbe na kujibu wanaojibu. Msimamizi wetu tunamwita Kocha, kwa kuwa hutembea nyuma ya viti vyetu akipiga makofi. Simu zetu wenyewe tunaziacha kwenye kikapu mlangoni, ndiyo sababu ukinipigia mchana hunipati. Ni vizuri umesema tuandikiane. Nakubaliana nawe kwamba simu ni ya msiba na dharura, na habari za kukaa nazo ziandikwe.

Kocha anasema nina mkono wa kuandika. Wenzangu wanaandika kama matangazo ya mnada. Juzi alisoma maneno yangu mbele ya wote, akasema, "Mnasikia? Huyu anaandika kama mtu aliyelelewa!" Nilijisikia kama siku ya kwanza ya shule, nimevaa lile shati ulilolipiga pasi mara mbili.

Nimeanza tena kuandika shajara kila jioni, tarehe juu na mambo ya siku chini yake. Ila kuna siku naandika tarehe tu, halafu nalala.

Wasalimu wote, hasa Mama Vifungo wa duka la jirani.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Umekula, au umelidanganya tumbo? Nijibu kweli, maana nakujua wewe na kikombe cha chai tupu.

Mimi nipo, nafua na kupiga pasi kama kawaida. Pasi bado inapiga shoti. Mwenye nyumba ya wageni anasema ni mimi ninayeishika vibaya. Nikamwambia, "Ishike wewe tuone." Akakumbuka ana mgeni mapokezi. Wiki iliyopita kuna mgeni ameondoka na kuacha meno yake ya bandia ndani ya foronya. Nimeyafua kabla sijayaona. Sasa yapo kwenye glasi mapokezi, yanacheka na kila anayeingia.

Mama Vifungo amezipokea salamu zako. Mwanawe, yule mlikuwa mnacheza naye hapa uani, bado ni fundi majokofu huko mbali. Kigugumizi hakijamwacha. Mama yake anasema akipiga simu, nusu ya salio inaishia kwenye neno "mama". Anasema hivyo huku anafurahi.

Sasa nikuulize. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu ofisi, meza, mapazia na makofi. Sijaona wateja wananunua nini. Au nimesoma haraka?

Tembea upande wa kivuli, kama nilivyokuwa nikikuambia kila ukibeba mkoba.

Shangazi yako.

*

Tarehe 9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Ninakula, usihofu. Pole kwa mgongo, na yale meno nimeyacheka peke yangu kitandani mpaka jirani akagonga ukuta.

Pamoja na barua hii utapokea boksi kutoka ofisi ya mizigo ya mabasi. Ni pasi mpya. Haipigi shoti, nimeijaribu mwenyewe dukani. Usimpe mwenye nyumba ya wageni. Ni yako.

Kocha amenipandisha. Sasa sijibu sana ujumbe, ninatunga maneno ambayo wenzangu wanayatumia. Anasema anataka maneno yenye harufu ya nyumbani. "Andika," anasema, "mpaka mama wa mtu aweke mwiko chini."

Uliuliza wateja wananunua nini. Ni huduma tu, Shangazi. Mambo ya mitandao hayaelezeki vizuri kwenye karatasi.

Mvua huku bado. Ule ukuta wa bluu umeanza kubanduka rangi.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Pasi imefika, nakushukuru. Ni nyepesi na inateleza. Siku ya kwanza niliisimamisha mezani nikaitazama tu, na Mama Vifungo alikuja kuiona kama watu wanavyokuja kuona mtoto mchanga.

Ninakuandikia kuhusu yeye. Ameibiwa. Hakuna aliyevunja mlango wala dirisha, wamemwibia kwenye simu. Alipata ujumbe kutoka namba ngeni, akadhani ni mwanawe, akatuma akiba yote ya kununulia mzigo mpya wa dukani. Jioni akampigia mwanawe kwenye namba ya zamani ili ajue kama imefika. Mwanawe akauliza, "Ni-ni-nini imefika?" Mama Vifungo alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, na wateja wakawa wanamruka.

Nimenakili ujumbe wenyewe kutoka kwenye simu yake, neno kwa neno:

"Mama shikamoo. Simu yangu imetumbukia kwenye maji, hii ndiyo namba yangu mpya. Umekula, au umelidanganya tumbo? Mimi nipo ila nina shida kidogo, naona aibu kuisema. Usimwambie mtu kwanza. Tembea upande wa kivuli, mama."

Nilimuuliza, "Jirani, uliaminije namba usiyoijua?" Akanijibu, "Jirani yangu, ningekosaje kuamini? Hayo ni maneno ya nyumbani kwako. Mwanangu ameyasikia uani kwako tangu mdogo. Nikasema mwizi gani anayajua hayo?"

Nilimwekea chai.

Wewe unafanya kazi ya simu. Tumsaidieje?

Shangazi yako.

*

Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana na ninajibu leo. Tafadhali mpelekee Mama Vifungo maneno haya haraka, kabla hujamaliza hata kusoma.

Kwanza aripoti kituo cha polisi na kwa kampuni ya simu, na asiufute ule ujumbe. Abadilishe namba yake ya siri, na asichague mwaka wa kuzaliwa. Mtu yeyote akimtumia tarakimu kwenye simu kisha akamwomba amsomee, asimsomee, hata kama ana sauti ya upole. Mtu akisema ana namba mpya, ampigie kwenye ya zamani kabla ya kufanya lolote. Na amuulize swali ambalo mwanawe peke yake ndiye anayelijua jibu. Neno "usimwambie mtu" likitokea tu, ajue ni mwizi. Mwenye shida ya kweli hana sababu ya kuificha kwa majirani.

La muhimu kuliko yote: siku si nyingi atapigiwa na mwanamume atakayejitambulisha kuwa ofisa wa kufuatilia wizi wa mtandaoni. Ataanza kwa kumpa pole. Atamtajia kiasi alichoibiwa bila kuulizwa, ili aaminike. Atasema fedha zimepatikana, zimezuiliwa, na inatakiwa ada ndogo ili zirudi. Asitume. Ni wale wale. Mtu aliyeibiwa mara moja hupigiwa tena, kwa sababu anatamani sana iwe kweli.

Kuhusu yale maneno ya nyumbani, sijui niseme nini. Maneno husambaa, Shangazi. Watu wanayasikia, wanayatumia.

Pole yake. Mwambie pole.

Ni mimi.

*

Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Amepiga. Tulikuwa wote dukani, Mama Vifungo ameweka simu kwenye sauti kubwa katikati ya kopo la zipu na kopo la sindano. Alianza kwa kumpa pole, kama ulivyosema. Akataja kiasi, kama ulivyosema. Alipofika kwenye ada, Mama Vifungo akamwambia, "Ofisa, hiyo ada ikate humo humo kwenye zangu ulizozizuia, halafu baki uniletee." Mtu akakata simu. Tulicheka, mwanangu. Tulicheka hadi fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kuna nini.

Baadaye Mama Vifungo alifuta macho, akasema, "Mpe shukrani nyingi yule kijana. Amejuaje yote hayo?" Kisha akaanza kupanga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Hizo shukrani sijazibeba. Nimeziacha kwake.

Kuna jambo lingine. Mwanawe alinunua laini mpya kweli mwezi huu, kwa sababu zake za kazi. Akampigia mama yake. Mama akamwambia, "Mwizi wee, kigugumizi chenyewe hukiwezi," akakata. Akapiga kwenye ya zamani, mama akasema hata hiyo wanaweza kuwa wameiiba. Sasa kila akipigiwa anakata. Mzigo wa duka atautafuta upya, mama huyu si goigoi. Lakini mwanawe anamlilia kwenye simu na mama anamtukana kabla ya kukata, na mimi nasikia kupitia ukutani.

Ile pasi nimeirudisha kwenye boksi. Ninatumia ile ya zamani.

Sikuulizi kama ulijua. Nakuuliza ulikuwa umekaa kwenye kiti kipi.

Nilitaka kuanza barua hii na kuuliza umekula nini. Nimeandika neno la kwanza nikaona ni sauti ya ule ujumbe, si yangu. Nimelikata.

Shangazi yako.

*

Tarehe 3 Septemba

Shangazi,

Barua hii haina shikamoo. Si kwamba nimekosa adabu. Salamu zako nilizipeleka kazini, na sioni nina haki ya kukurudishia mkononi kama vile hazikutumika.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Shajara yangu ya miezi miwili hii ni tarehe peke yake, ukurasa baada ya ukurasa. Leo naandika kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine, nisije nikaruka.

Wateja wetu hawakuwa wananunua kitu. Nilijua hilo kuanzia wiki ya pili. Wiki ya kwanza niliambiwa ni majaribio ya tangazo. Wiki ya pili mama mmoja alijibu akilia, Kocha akapiga makofi, nikajua. Nilibaki. Nilijiambia mimi natunga maneno tu, wanaopokea ni wengine.

Maneno ya kwanza niliyoyatunga hayakufanya kazi. Kocha akasema, "Acha kuandika kama kitabu. Mama yako huwa anakuaga vipi?" Sina mama wa kumkumbuka zaidi yako. Nikaandika unavyosema wewe. Siku hiyo hiyo simu zikaanza kujibu. Hatukuwa tunachagua watu, Shangazi. Namba zilikuja zimeshapangwa, na ujumbe mmoja ulitumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Hatukuhitaji hata kujua jina la mtoto. Mama mwenyewe huandika, "Ni wewe, fulani?" na kazi inakuwa imekwisha.

Umeuliza kiti. Kilikuwa kiti cha tatu kutoka dirishani, na nilikuwa nimekikalia mimi. Mtu mmoja alikuwa hajaja, Kocha akaniambia nishike simu zake. Mama mmoja akajibu, "Ni wewe, fundi wangu?" Nikasema ndiyo. Akaandika kwamba amekula kidogo, kwamba jirani yake amemletea chai, kwamba mgongo unamsumbua huyo jirani lakini siku hizi ana pasi mpya, haipigi shoti.

Hapo nikajua ninaongea na nani.

Ningeweza kuandika neno moja: usitume. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kocha alikuwa upande wa pili wa chumba, hakuwa ananitazama. Nilimpa simu mwenzangu wa kiti cha nne, nikamwambia, "Malizia huyu, nakwenda chooni." Nilisimama pale nikinawa mikono. Nilinawa, nikanawa tena. Niliporudi makofi yalikuwa yameshaanza.

Hilo ndilo lililonifanya nisikuandikie. Yale mengine ningeweza kuyasema. Hili la kumpa mtu simu na kwenda kunawa lilikuwa halitoki.

Niliacha kazi Julai. Agosti nilikwenda polisi. Askari wa zamu aliniuliza, "Umekuja kushtaki au kujishtaki?" Nikamwambia aandike vyote viwili. Walipofika ofisini hapakuwa na mtu, mapazia wala meza. Kimebaki kile kikapu cha mlangoni. Kesi ipo, nami nimo ndani yake. Nimedhaminiwa na muuza rangi wa duka la chini, ambaye sasa ninambebea ndoo. Sitakiwi kusafiri bila kuwataarifu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, iliyokunjwa. Ni ya Mama Vifungo. Nimemwandikia haya yote, na kile kiti, na kule chooni. Nimemwambia nitamrudishia kadiri ninavyobeba ndoo. Nimemwambia pia kwamba anayempigia akikwama kwenye neno "mama" ni mwanawe kweli, kwa sababu tulipojifanya watoto wa watu tulikuwa hatupigi, tulikuwa tunaandika, na kwenye maandishi hakuna kigugumizi. Nakuomba umsomee wewe. Mimi nisingeweza kumtazama usoni.

Kuhusu lile shauri nililompa, la kumuuliza mwanawe swali, mwambie bado ni zuri.

Sijui nifunge vipi. Ile kauli yako ya kufungia pia niliitumia.

*

Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Hukunipa shikamoo, basi nami sina marahaba ya kukurudishia. Tuanze na habari.

Mimi nipo. Mgongo upo. Meno yale mwenyewe ameyafuata, amekuja amefunika mdomo kwa leso, akasema ni ya rafiki yake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikatoka nje nikaanua mashuka ambayo yalikuwa bado mabichi. Nilikasirika. Bado nimekasirika, usidhani kwa kuwa nimetaja meno nimetulia. Nimekaa nikijiuliza kama nilikuwa nikikuaga kila asubuhi miaka yote ile ili siku moja uje uyauze maneno yangu. Nimejiuliza pia mbona mwezi wa pili niliona hakuna bidhaa kwenye barua yako, na pasi ilipofika nikaifurahia. Hilo ni langu, nimelibeba mwenyewe.

Karatasi ya Mama Vifungo sijamsomea. Anajua kusoma. Nilimpelekea dukani, nikamwambia imetoka kwako, nikasimama. Aliisoma akiwa anatunga vifungo kwenye uzi, kifungo kimoja kwa kila mstari nadhani. Alipofika mwisho aliirudia kule juu. Kisha akasema, "Alikwenda kunawa." Nilirudi nyumbani.

Siku tatu hakuja kwangu. Kutwa namsikia anahamisha makopo.

Siku ya nne mwanawe akafika. Alikuwa amechoka kukatiwa simu, akapanda basi. Nilikuwa nje nikianika, nikaona yote. Mama yake alisimama mlangoni, hakumpisha. Akamwambia, "Sare yako ya kwanza ya shule ilipungukiwa kifungo, nikakushonea cha rangi nyingine. Kilikuwa rangi gani?" Lile shauri lako.

Kijana hakukumbuka. Alijaribu. "Ki-ki-kijani?" Mama akasema siyo. "Che-cheu..." Hata neno halikumalizika. Akabaki amesimama na begi begani, akasema, "Ma-ma-mama, si-sikumbuki. Ni-nisamehe."

Mama Vifungo akamvuta ndani kwa shati. Nilimsikia analia na kucheka kwa pamoja. Baadaye aliniambia, "Jirani, mwizi angekuja na jibu mfukoni."

Jioni hiyo alivuka akaja kwangu na ile karatasi yako. Nilidhani amekuja kuichana mbele yangu. Akaiweka mezani, akasema, "Mwambie nimesoma. Kurudisha atarudisha. Lakini habari ya kunawa asiniandikie. Aje aniambie kwa mdomo, hapa dukani, nikimwona uso. Yeye ameshaandikia watu vya kutosha." Nikamuuliza, "Na akija utamfanya nini?" Akasema, "Sijui. Aje nijue."

Na mimi hayo ndiyo niliyo nayo. Siwezi kukuahidi atakusamehe, wala siwezi kukuahidi kuhusu mimi. Waombe ruhusa hao askari, mwombe na muuza rangi. Shuka kituo cha mwisho, usije na gari mpaka mlangoni. Usipite uchochoroni nyuma ya nyumba ya wageni kama ulivyokuwa ukifanya ukitoroka shule. Pita barabara kuu, mbele ya fundi cherehani, mbele ya duka.

Chakula nitaweka. Sitakuuliza kitu, nitaona mwenyewe unavyokula.

Safari hii tembea juani, tukuone unakuja.

Shangazi yako.